Kumjulia Hali Aline

Pale kijijini Mugoma, karibu na mpaka wa Burundi, mtandao ulikuwa juu ya kichuguu nyuma ya migomba ya Gaspari. Mwenye shida ya kupiga simu alipanda, akageukia upande wa mpaka, akapaza sauti mpaka asikike. Mwaka ule Warundi walipovuka tena mpaka, kichuguu kilikuwa na foleni tangu asubuhi, maana kila nyumba ilikuwa na mtu wake kwenye kambi ya wakimbizi.

Gaspari naye alinunua simu ya kupangusa, ili mkewe Restuta azungumze na dada yake, Esperansia, aliyekuwa kambini Kibondo. Simu ikaishia mikononi mwa Aline, binti yao wa kidato cha tatu. Mwanzoni alikaa kichuguuni saa moja, kisha mchana kutwa, akitazama nyuso za wasichana asiowajua na kujiona yeye si kitu. Akaacha shule. Akaacha kula, akaacha hata kuwapa wakubwa shikamoo. Siku waliyomnyang'anya simu alitetemeka mpaka wakamrudishia. Aibu gani hii, jamani! Restuta akamweka chumba cha nyuma, majirani wakaambiwa ni malaria.

Mtandao ukamfuata. Kichuguu kikabaki kichuguu tu, na simu zikawa zinajaa mtandao ukutani kwa Gaspari. Jirani yao Leonsia ndiye aliyegundua, alipopita pale na simu ikamwitia kiunoni. Alisema afadhali, kupanda kichuguu kulikuwa kunamuumiza magoti.

Mgonjwa haendewi mikono mitupu. Kesho yake Leonsia alikuja na mkungu wa ndizi kumjulia hali, akaketi kitandani, akamshika Aline bega, akampigia mwanawe aliyeko Mwanza. Wengine wakafuata na maharage, mihogo, kibuyu cha pombe ya rubisi. Gaspari akapanga viti. Walimpa Aline pole bila kumtazama, kisha wakaanza: "Halo? Halo? Unanisikia?"

Tatizo lilikuwa moja. Aline akisinzia, mtandao ulikatika. Wageni walimtikisa taratibu, kwa adabu. "Amka kidogo, mwanangu, nimalize na mume wangu." Macho yake yakawa mekundu, mashavu yakaingia ndani.

"Mama," alimwambia Restuta jioni moja, "nataka kulala. Na humu kichwani hawanyamazi."

Restuta alijua fika kwamba si malaria, na kwamba ingefaa ampeleke hospitali, Rulenge. Lakini angesema nini pale mapokezini, mbele ya watu wanaosali naye? Kwamba mwanawe amechanganyikiwa kwa ajili ya simu? Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Akamwambia atapona.

Jumapili moja, watu walipokuwa kanisani, Aline alilala. Usingizi wa kweli, mdomo wazi. Restuta aliketi mlangoni na fimbo ya mbuzi, akamrudisha kila aliyekuja baada ya misa, hata Leonsia na kuku wake. Leonsia alikasirika, akaondoka na kuku. Ndani hapakusikika kitu ila pumzi za mtoto, na Restuta aliona raha ambayo hakuwa ameipata tangu mavuno ya maharage.

Jua lilipoanza kushuka akakumbuka kwamba hiyo ndiyo saa ambayo Esperansia huazima simu kila Jumapili. Akimkosa, hulia akidhani wamekufa. Na watu wa kambini wataulizana kuna nini kwa Restuta. Alisimama. Kisha akaiweka fimbo chini, akaingia, akamgusa mwanawe begani.

"Amka kidogo, mama."

Aline akafumbua macho. Simu ikaita.

"Aline hajambo?" aliuliza Esperansia, baada ya salamu.

"Hajambo kabisa. Anasoma."

Mtandao ulikuwa safi siku hiyo, hakuna kilichopotea njiani.

"Mbona nasikia mtu analia?"

"Mtoto wa jirani," alisema Restuta, akasogea kitandani, akamshika Aline bega vizuri ili simu isikatike.