Nyaya Zilizopangika

"Pita basi, nikuone," nilimwambia Zamda, mwimbaji wetu. Nilikuwa nimepiga magoti jukwaani, bisibisi mdomoni.

Akapita. Alitoka kwa mpiga tumba hadi kwenye kipaza sauti, akarudi, akaenda tena kwa maringo, gauni kalishika kwa vidole viwili, macho juu kama hajali. Hakujikwaa hata mara moja. "Haya, Mnyamwezi," akasema, "leo mtumwa wangu umefanya kazi ya kueleweka." Bendi nzima ikaangua kicheko, nami nikacheka mpaka bisibisi ikanidondoka.

Baba yangu alitoka Tabora kuja Korogwe kukata mkonge, na mimi nimezaliwa humo humo kambini. Zamda alikuwa Mzigua wa Handeni. Sisi na wao ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo aliniita mtumwa wake mbele ya yeyote nami sikununa. Nilimrudishia kubwa zaidi. Lakini utani una kazi yake. Mtani akifiwa, wewe ndiye wa kwanza kufika. Unachimba kaburi, unateka maji, unawachokoza wafiwa mpaka wacheke, na wakishacheka ndipo wanalia vizuri. Baba alinifundisha hivyo kabla hata sijaijua Baba Yetu.

Ilikuwa mwaka wa Operesheni, watu wanahamishiwa vijijini. Baba yake Zamda, mzee Mbwana, aling'oa mlango wa nyumba yake ya zamani, akajitwika, akaenda nao mpaka kijiji kipya nje kidogo ya Chanika, ile ya Handeni. Tangu hapo hakuwa mzima. Zamda alikuwa akipata nafasi anapanda lori kwenda kumwona, na kila akirudi alisema neno lile lile: "Likitokea la kutokea, kaka Sadala atakimbilia posta, nitasikia redioni." Simu hatukuwa nayo. Mchana, baada ya taarifa ya habari, yalikuja matangazo ya vifo, na sisi watu wa sokoni tuliyasikiliza kwenye redio ya duka la ushirika. Hata muuza dagaa alinyamaza.

Mimi nilikuwa fundi wa bendi. Eliasi, mpiga gitaa wetu, alikuwa amepata visanduku vitatu vya kukanyaga kwa mguu ili kubadili sauti ya gitaa, vilivyoachwa na kijana wa Kigiriki shamba la mkonge lilipotaifishwa. Kimoja kilikwaruza sauti, kimoja kiliifanya ilie kama mtoto, kimoja kilirudisha mwangwi. Tatizo lilikuwa kuviunganisha. Nilitumia nyaya ndefu za gitaa, na mabaki yake yalijikunja jukwaani kama utumbo wa mbuzi. Zamda alijikwaa kila wiki. Mara ya mwisho plagi ilichomoka, muziki ukazima ghafla, na dansi likavunjikia hapo, watu wakaenda zao. Na Jumamosi iliyofuata walikuwa wanakuja wakubwa kutoka Tanga kuchagua bendi ya kwenda Dar es Salaam kwa Sabasaba.

Nilihitaji vipande vifupi, na si waya wowote tu. Waya wa taa unavuma kama mzinga wa nyuki. Unaotakiwa ni ule wenye uzi mmoja katikati, umevishwa nyuzi za shaba zilizosukwa, kisha mpira mweusi juu. Katika mji mzima wa Korogwe waya huo niliuona mahali pamoja tu: ukining'inia nyuma ya duka la ushirika, waya wa eriali ya redio.

Jumamosi asubuhi muuza duka, mzee Athuman, alikwenda stesheni kupokea sukari. Nikapanda pipa, nikakata. Nikajiambia wiki ijayo nitaleta mwingine kutoka Tanga, hata hatajua. Urefu wa mkono ungenitosha, lakini tamaa ya fundi, Mungu anisamehe, nilikata wote.

Lo, nilifanya kazi! Nilichomea plagi kwa chuma nilichokipasha kwenye mkaa. Kila kipande nilikipima kati ya kisanduku na kisanduku, kisitune wala kisivutike. Nikavipigilia visanduku juu ya ubao wa sanduku la chai, nikazifunga nyaya kwa kamba ya katani, fundo moja kwa wa kwanza, mafundo mawili kwa wa pili, ili hata gizani Eliasi azijue kwa kidole. Ule mrefu wa kwenda kwenye spika nikaupitisha chini ya mkeka na kuubana kwa misumari. Ungepita na ndoo ya maji kichwani.

Dansi lilianza saa kumi jioni. Zamda aliimba siku ile kuliko siku zote. Wimbo ukiisha alikuwa hangoji hata makofi, anageuka, anatembea nyuma, anarudi, macho chini kwenye nyaya zangu. Nikadhani anazisifu. Nilisimama nyuma ya spika nimekunja mikono, nimejaa kiburi kama jogoo wa mjane.

Tulichaguliwa.

Kesho yake asubuhi Sadala aliteremka kwenye lori, vumbi mpaka kwenye kope. "Hamkusikia redio?" akauliza. "Jana mchana wametangaza. Tumemchelewesha mzee mpaka jua linataka kuzama, tukasema Zamda atakuja. Tumezika."

Mzee Athuman akasema redio yake tangu jana inakoroma tu, mwizi kakata eriali. Sikungoja kuulizwa. Nikasema mbele yao wote: ni mimi. Zamda akanitazama. Alifungua mdomo, akaufunga, akaingia ndani kufunga mizigo yake.

Nilikwenda msibani na koleo, kaburi limeshafukiwa. Nikateka maji, nikapasua kuni. Utani haukutoka. Kila nikifungua kinywa nalia, mpaka mama mmoja akauliza, "Huyu mtani gani, analia kuliko wafiwa?" Zamda naye hakulia. Alikaa kwenye jamvi, uso mkavu, mchana kutwa.

Dar es Salaam hakwenda, na kuimba hakuimba tena. Akabaki Chanika analima. Nami kila mvua zikianza nilikuwa navuka kwenda kumlimia, mwaka baada ya mwaka, mpaka mke wangu, Mungu amrehemu, akachoka kunigombeza. Nikalima, tukala, nikarudi. Kumtania sikuthubutu tena.

Masika haya nimekwenda, uzee na yote. Tumekaa kwenye tuta tunakula viazi, nikamsimulia kwamba vijana wa kwaya wamenunua ubao wa visanduku kama vile vya Eliasi, na vijiwaya vifupi vilivyotengenezwa tayari, wakaniita nivipange. Nilivishika, mikono ikakataa. Nikavirudisha.

Zamda akaweka kiazi chini.

"Fabiani, nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Tangazo. Nilikuwa kwa Agripina nasukwa nywele, ana kiredio chake cha betri. Wakamtaja baba. Wakanitaja na mimi, Zamda binti Mbwana, popote alipo Korogwe. Agripina yuko nje anachochea mkaa. Nikakizima." Akafuta mikono kwenye kanga. "Lori la Handeni lilikuwa linapakia pale pale mbele ya mlango."

Miaka yote ile ya jembe ikanijia, nikataka kumtukana, tusi la kweli, si la utani.

"Niliitaka Dar es Salaam," akasema. "Nikajiambia baba hafufuki. Lakini jukwaani, kila wimbo nasema ukiisha huu nashuka, na miguu haishuki. Basi nikasema nitajikwaa. Si siku zote najikwaa? Waya utachomoka, muziki utazima, watu wataondoka, nami nitakwenda kwetu. Nikapita, nikarudi, natafuta kwa mguu." Akanitazama. "Ulikuwa umezifunga, Fabiani. Umezifunga kweli kweli."

Hasira ikanitoka yote. Nilikiona tena kiatu chake cheupe kikipapasa mkeka, na mimi nyuma ya spika, mikono nimekunja.

"Na ulikuwa unalima vizuri," akasema, anajaribu kucheka. "Nikasema nikimwambia, nani atanilimia?"

Nikainuka. Nikachukua jembe lake, nikamtupia miguuni.

"Basi leo utalima wewe," nikamwambia, "mtumwa wangu."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akalia, kilio cha mfiwa, kwa sauti, anamwita baba yake kwa jina. Nikakaa naye pale kwenye tuta mpaka akamaliza.