Nani Alimfunga Wangwe

Sogea karibu nikutege. Ndama wangu yumo zizini, kuta nyekundu, kafungwa kamba fupi. Malisho yako puani pake, hayafikii. Ni nini?

Umeshindwa? Usione haya. Hata mimi nilishindwa, na ndama alikuwa wangu.

Awino, mke wa mwanangu Daudi, alijifungua mtoto wa kiume hapa Nyangoto, majira ya mahindi mabichi. Tukamwita Wangwe, jina la marehemu mume wangu. Mtoto mzuri, ila kunyonya kwake kulikuwa tk, tk, tk, kama mtu anayefyonza kitu kisichokuwepo. Maziwa yalimwagika shavuni. Chuchu za mama zilichanika hadi damu. Wiki ya tatu mashavu yake yalikuwa yameingia ndani kama ya mzee.

Abonyo, mama yake Awino, akaja kumwona mjukuu. Alinawa mikono, akamtia mtoto kidole mdomoni, akatulia kama anayesikiliza.

"Ulimi hauinuki," alisema. "Mpelekeni zahanati."

Nani alimwomba atie kidole?

Kesho yake tulikwenda. Nesi Lilian alimlaza mtoto magotini, akapandisha mdomo wa juu, kisha akainua ulimi kwa vidole viwili.

"Mnauona uzi huu wa nyama? Bibi, mtoto amefungwa ulimi. Jumatano daktari wa meno anakuja. Anakata kwa mkasi, dakika moja, damu matone mawili, na papo hapo mtoto ananyonya."

Mimi nilisikia neno moja tu. Kwetu mtu akisemwa amefungwa, hatuulizi kwa nini, tunauliza na nani. Mwanamke asiyezaa amefungwa. Mchimbaji anayetoka shimoni mikono mitupu mwaka mzima, huyo naye amefungwa.

"Nani amemfunga?"

Nesi akacheka. "Hakuna mtu, bibi. Amezaliwa hivyo. Mara nyingine iko kwenye ukoo."

"Ukoo gani? Kwetu haipo!"

Tuliporudi Abonyo alikuwa uani anachambua mboga. Nikasimama mbele yake, majirani wakisikia.

"Kidole chako kilitafuta nini mdomoni mwa mtoto?"

"Kilitafuta maziwa yanapopotelea, mama Daudi."

"Nani amemfunga? Sema!"

Aliniangalia sana. Akakung'uta majani ya mboga mapajani, akajifunga kanga yake, akapanda bodaboda bila kuaga. Kufikia jioni jina la mchawi lilikuwa limemtangulia hadi kwao, karibu na Sirari.

Jumatano sikuwaruhusu watoke. Nilimwita mganga mmoja mzee kutoka Machochwe, akamvalisha mtoto kamba ya ngozi kiunoni. Ndiyo, tulimfunga ili afunguke. Wangwe alilia bila sauti. Awino akamgeukia mumewe.

"Daudi, sema kitu. Wewe ndiye baba."

Daudi akatazama buti zake. "Mama anajua, Awino. Tusubili kidogo."

Tusubili. Tangu utoto Daudi hakuwahi kuitamka r. Na hapa kwetu ndimi za wote zinateleza upande ule mwingine: tunakura ugari, tunarara mapema. Yeye peke yake alikwenda kinyume, na majirani wakamtania: "Huyu ni Mswahiri wa Tanga, aripotea njia!" Nami nikajivuna. Nilidhani nimezaa ulimi wa wasomi. Ziwa langu alilikataa akiwa mchanga, nikamlea kwa maziwa ya ng'ombe, na hilo pia niliona ni uanaume wa mapema.

Alhamisi asubuhi kitanda cha Awino kilikuwa kitupu. Mtoto naye hayupo. Kamba ya ngozi ilikuwa juu ya kinu, imekatwa.

Baada ya wiki mbili akanipigia simu kutoka kwa mama yake. "Amekatwa uzi, mama. Ananyonya mpaka anasinzia na ziwa mdomoni."

"Rudi nyumbani, mwanangu."

"Umempata aliyemfunga?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Ukimpata, niite," akasema, akakata.

Mwaka huu ni wa nne. Mjukuu wangu anamwita mwingine bibi. Au alimwita, maana Abonyo alifariki mwaka jana, na jina la mchawi nililompa akazikwa nalo. Sikwenda msibani. Nani angenipa kigoda?

Juzi Daudi alikwenda kumwona mtoto. Amerudi leo, akanikuta napepeta wimbi.

"Anaongea?" nikamuuliza.

"Kama ledio, mama. Hanyamazi."

"Na Awino? Amesema atarudi?"

"Alikuwa anatusikiliza tukiongea, mimi na mtoto. Mtoto akanicheka. Ananisahihisha. Ndipo Awino akaniambia, Daudi, fungua mdomo."

"Ufungue mdomo kwa nini?"

Alisogea mlangoni penye mwanga, akapiga magoti mbele yangu kama alivyokuwa akifanya zamani nikimtoa mwiba, akafungua mdomo na kujaribu kuinua ulimi. Haukuinuka. Ncha yake iliingia ndani, ikagawanyika kama kwato, na chini yake uzi mweupe ukakaza. Ule ule alionionyesha Lilian.

Ungo ukaniponyoka. Wimbi likamwagika hadi uani, kuku wakaja mbio, sikuwafukuza. Mdomo wangu ukauliza swali lake la siku zote, safari hii taratibu.

"Nani alimfunga, Daudi?"

Akafunga mdomo.

"Amelithi kwangu, mama."