Kitambi cha Baba Kanini

Kasiva alijivunia kitambi cha mumewe kuliko hata nyumba yao ya mawe pale Riruta. Kwa nini asijivunie? Mumewe Kiilu alikuwa mwembamba alipomwoa, na sasa shati la ofisini halifungi. Akina mama wa kanisani wakimsifu, "Mama Kanini, huyo umemtunza!" anacheka hadi mashavu yanamuuma.

Basi Kiilu akapatikana na ugonjwa wa sukari. Daktari akamwambia apunguze tumbo, naye akatii. Akaacha soda na vyakula vya mafuta, jioni akawa anatembea hadi Uthiru. Akakonda. Lakini kukonda kwenyewe kukapita kiasi, na chooni akaanza kuona damu.

"Ni bawasiri tu," Kasiva akasema.

Damu haikumtisha. Kilichomtisha ni midomo ya watu. Miaka ile mwanamume akikonda Nairobi, nani aliuliza anaumwa nini? Wote walishajua ni ukimwi, na mke naye akahesabiwa maiti. Phoebe, mwenyekiti wa akina mama, akaanza kumsalimia Kasiva kwa ncha za vidole. Phoebe huyo huyo wa kuombea wagonjwa! Shenzi kabisa.

"Baba Kanini, kula," Kasiva akamwambia, akimrundikia chapati.

"Si daktari alisema nipunguze? Tena nataka nirudi nimwambie hii damu."

"Daktari hakai Riruta! Wakikuona hospitalini tena, nitaweka wapi uso wangu? Kula unenepe, hiyo damu itaisha."

Kiilu akala. Alikuwa mtu wa kupenda amani, maskini. Akala miezi na miezi, na hakunenepa, mpaka siku tumbo lilipojifunga likafura, akapelekwa kupasuliwa.

"Ni saratani ya utumbo mpana, na imeshafika kwenye ini," daktari akamwambia Kasiva. "Wenye sukari na kitambi huwa katika hatari zaidi. Lakini mama, damu mliiona. Mbona hamkuja?"



Jumapili akina mama wakaja wodini. Kiilu alikuwa amefumba macho kama aliyelala. Phoebe akamvuta Kasiva kando ya kitanda, akamuuliza kwa sauti ya chini ni nini hasa. Akaambiwa.

"Saratani? Saratani tu? Bwana asifiwe! Na vile tulikuwa tumeogopa!" Akamkumbatia kwa mikono yote miwili.

Na Kasiva, Mungu amsamehe, alifurahi. Alifurahi kweli, akatabasamu begani kwa Phoebe. Alipoinua macho alimkuta Kiilu yuko macho, amesikia yote, anamtazama yeye.