Tatu, Kisha Mbili

Nyumba yetu na ofisi ya stesheni zilitenganishwa na ukuta mmoja mwembamba. Kwa miaka ishirini na sita nilipika, nikanyonyesha na kukunja nguo huku nikisikia kengele ya mezani kwa mume wangu. Yeye alikuwa stesheni masta, mkata tiketi na mfagiaji, maana stesheni ilikuwa ndogo na reli ilikuwa moja tu.

Reli ikiwa moja, treni mbili zikikutana njiani ni maafa. Kwa hiyo palikuwa na pete kubwa ya chuma. Dereva hakuondoka mpaka apewe pete hiyo, na akifika stesheni ya mbele, kilomita kumi na nane, aliikabidhi kwa masta wa kule. Yule masta akabonyeza kengele yake, nayo ya kwetu ikalia: tatu, kisha mbili. Maana yake, treni imefika salama. Mume wangu akaandika saa kwenye daftari, ndipo akawa huru kuja kula. Kabla ya hapo hatoki, hata chakula kipoe mara tatu.

Masta wa kule tulimwita Jirani. Walionana uso kwa uso labda mara nne, lakini kwa kengele walisemezana kila siku. Binti yetu alipozaliwa, Jirani alitutumia kwa treni blanketi la manjano, amelikunja vizuri kwenye karatasi. Dereva naye, kwa kuwa alijua nina kichanga, akawa hapigi honi mpaka apite tangi la maji. Sijawahi kumwomba.

Siku stesheni ilipofungwa, fundi cherehani wa pale stesheni alipanda treni ya mwisho na mashine yake ameiviringisha kwenye shuka. Wateja wake walikuwa wameshahama. Mume wangu alimpa dereva pete, akapeperusha bendera ya kijani, akarudi mezani kungoja. Chakula kikapoa. Nikakipasha, kikapoa tena. Kengele haikulia.

Baadaye tulisikia kwamba wakubwa walikuwa wamefunga stesheni ya Jirani adhuhuri ya siku hiyohiyo, na yetu jioni. Hakuna aliyefikiri kwamba katikati kuna treni.

Tuliachiwa nyumba. Mume wangu hakuwa amechanganyikiwa, msinielewe vibaya. Alijua fika kwamba mabehewa yameshauzwa chuma chakavu. Lakini kila asubuhi alivaa kofia, akaingia ofisini, akapangusa meza na kukaa. Nikimwuliza, anajibu, "Mke wangu, sijafunga kazi. Ile safu ya kufika daftarini iko tupu."

Miaka kumi na moja hakulala popote pengine. Hata harusi ya binti yetu, mjini, nilikwenda peke yangu.

Mwaka huu miguu yake ilivimba na pumzi ikawa fupi. Mganga wa zahanati akasema apelekwe hospitali kubwa upesi. Binti yetu akaja na gari la kuazima.

"Baba, twende."

"Nenda na mama yako. Mimi niko kazini."

"Kazini! Harusi yangu hukuja kwa sababu ya kengele. Sasa unataka kufa kwa sababu ya kengele?"

Binti akatoka nje kulia, nami nikamwacha alie, kwa kuwa alisema kweli.

Mchana ule mzee aliposinzia, nikaingia ofisini na kijiko. Nikagonga kengele: tatu, kisha mbili. Nikarudi nikijifanya natoka jikoni. Amefumbua macho, anatabasamu.

"Umesikia?" nikamwuliza.

"Nimesikia. Jirani hupiga tatu, akasita kama mtu anayemeza mate, ndipo mbili. Wewe unapiga kama unaita kuku." Akanishika mkono. "Lakini asante."

Nikajua hapo hakuna wa kumdanganya. Muuza maziwa wetu huendesha baiskeli kufuata njia ya reli ya zamani. Nikampa ujumbe: kama Jirani yu hai, aje. Muuza maziwa alikuwa ameshamaliza mzunguko wake, lakini aligeuza baiskeli papo hapo, wala hakuniuliza neno.

Kesho yake asubuhi Jirani akashuka kwenye pikipiki ya kukodi, mzee mdogo wa mwili, mvi tupu. Begani ametundika ile pete.

"Shemeji," akasema mlangoni, "nimeshindwa kuja miaka yote hii kwa aibu."

"Ingia, shemeji. Chai ipo."

Akasimama mbele ya kitanda cha mume wangu. "Kaka, nilijua treni bado iko njiani. Barua ilisema adhuhuri, nami nilikuwa na hasira, nikafunga mlango nikaenda zangu. Asubuhi nilirudi kuchukua kiti changu, nikaikuta pete, dereva ameitundika kwenye kitasa. Nikakimbilia kengele. Nilipiga, kaka. Waya ulikuwa umeshakatwa."

Mume wangu akanyoosha mkono, akaigusa ile pete. Kisha akasema, "Basi piga."

Jirani akaingia ofisini. Kupitia ukuta tukasikia tatu. Akasita. Mbili.

Mume wangu akafumba macho. "Huyo ndiye," akasema.

Akaomba daftari. Binti yake ndiye aliyemshikilia lile daftari.

"Ilifika saa ngapi, Jirani?"

"Sijui, kaka. Sikuwepo. Andika saa kumi, nani atajua?"

"Sijawahi kuandika saa ya uongo." Akafikiri. "Sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika ishirini," akasema binti.

Akaandika hiyo, na tarehe ya leo pembeni. "Treni imechelewa miaka kumi na moja," akasema. "Abiria watatutukana." Jirani akacheka mpaka machozi yakamtoka, na hayakukoma.

Mzee akavua kofia, akampa binti yake. "Harusi yako ilikuwaje?" akamwuliza. Binti alimsimulia garini njia nzima hadi mjini, mimi nikiwa nyuma nimeshika miguu yake mapajani. Mzee aliuliza kila kitu, hata rangi ya viti.

Daktari alituambia kwa upole kwamba tulipaswa kuja miezi mitatu mapema. Alilazwa siku tisa. Muuguzi wa zamu ya asubuhi alimnyoa ndevu kila siku bila kuombwa, akisema mzee huyu lazima awe nadhifu.

Siku ya kumi niliarifiwa nikiwa kwenye benchi la nje. Jirani alikuwa pembeni yangu. Hakusema pole. Alinyoosha kidole akagonga ubao wa benchi taratibu, tatu, akasita, kisha mbili, nami nikaitikia kwa kichwa.