Shemeji Aliyefundishwa Kushinda

Roboti yule alikuwa na jina la kiwandani, refu, la lugha ya maadui, na hakuna aliyejisumbua nalo. Siku alipoletwa kwenye meli ya angani, akili yake ya zamani imekwisha kufutwa na kutiwa mpya, Bonge mpishi alimtazama kuanzia utosini hadi nyayoni, akasema, "Huyu katoka kwa watu tusiopikika nao chungu kimoja, na leo tunalala naye nyumba moja. Kama huyu si shemeji, basi shemeji ni nani?"

Jikoni wakacheka, jina likashika. Na roboti, kwa vile alifundishwa kurudisha heshima anayopewa, naye akawaita watu wote shemeji, hata Kapteni mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa katika chumba cha hewa, chini ya fundi mmoja mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno, mwepesi wa kicheko. Humo pampu zilivuta hewa iliyochoka ya meli nzima, zikaisafisha, zikairudisha. Shemeji alitoa vichujio vilivyojaa vumbi, akakaza mabomba kwa vidole pasipo spana, na fundi huku akimsimulia habari za mdogo wake, muuguzi wa wodi ya chini. Mama yao alifariki huyo mdogo hajaota meno. "Mimi ndiye niliyemwogesha, nikamfunga mgongoni," fundi alikuwa akisema. "Sasa ananiamuru mimi nimeze dawa. Dunia hii!"

Kila zamu ilianza kwa kitendawili. Haukuwa mchezo, ilikuwa amri. Mashine za maadui ziliundwa zisikubali kushindwa hata mara moja. Ukiziuliza zisilolijua, zitakujibu tu, hata kama ni uongo mtupu. Waliomfuta Shemeji akili walimtilia maneno ambayo wenzake hawana. Fundi atatega, Shemeji atafikiri, kisha atasema, "Nimeshindwa, shemeji. Chukua mji." Hapo ndipo anaporuhusiwa kushika kazi. Siku atakapokataa kushindwa, ijulikane kwamba maadui wamemrudia akilini kwa mwito wao, abonyezwe kitufe kilicho kisogoni, azimike.

Lakini watu ni watu. Wako mbali na watoto wao, na hapa yupo mmoja anashindwa kila kukicha, anagawa miji kama peremende. Wakamwonea huruma. Bonge akipita na birika la chai humnong'oneza jibu. Fundi naye akamfundisha njia: "Usiangalie kitu kinaitwaje. Angalia kinafanya nini." Siku alipomtegea, "Wote tunamla, hakuna aliyemtafuna," Shemeji akazitazama pampu, akasema, "Hewa." Chumba kizima kikapiga makofi. Bonge akacheza mpaka chai ikamwagika. Hakuna aliyekumbuka kumwambia Kapteni, na hakuna aliyekumbuka kwamba kule kushindwa ndiko kulikokuwa kufuli yao.

Kisha maadui wakaukuta msafara wa meli zao.

Kombora lilipasua ujia wa chini, ule unaounganisha chumba cha hewa na wodi. Hewa yote ya ujia ikatoka nje kama maji ya ndoo iliyotoboka. Milango ya chuma ikajifunga huku na huku. Upande huu walibaki fundi, Bonge, Shemeji, na nyuma yao watu wote wa sitaha ile. Upande wa pili, ndani ya wodi, walibaki majeruhi wawili na yule muuguzi, na hewa ya kubahatisha.

"Dada," sauti ya mdogo mtu ilitoka kwenye kipaza sauti ukutani, taratibu, kama mtu anayehesabia pumzi zake. "Wagonjwa wameanza kubadilika midomo. Mtafanyaje?"

"Tunakuja. Usiongee, mama. Tunza pumzi."

Tunakuja kwa lipi? Mavazi ya kutokea nje yote yaliungua kwenye ujia. Kulikuwa na mfuko mmoja tu wa kubebea majeruhi, wenye hewa yake ndani, wa kutosha mtu mmoja kwa safari. Na wa kuubeba alikuwa mmoja tu, yule asiyevuta pumzi.

Kipaza sauti kikakwaruza tena. Safari hii alikuwa Kapteni, yuko juu kwenye usukani. "Fundi! Hiyo mashine umeshaizima?"

"Bado, Kapteni."

"Bado nini? Maadui wanaiita! Mwito wao tunausikia hata huku!"

"Siwezi kumziba sikio?"

"Sikio lake limeunganishwa na ubongo, unalijua hilo kuliko mimi. Mzime!"

"Kapteni, mdogo wangu yuko wodini na majeruhi wawili. Nikimzima huyu, nimewazima na wao."

Kapteni hakuwa mtu mbaya. Ila akili ya Shemeji ingegeuka, mikono ile ingeukunja mlango wa chuma kama chapati, na sitaha nzima ingekufa. "Mpime," akasema mwishowe. "Akishindwa, mtume. Akijibu, mzime hapo hapo."

Fundi akatazamana na Bonge, na Bonge akatazama chini. Wote wawili walijua walichokifanya. Shemeji wa kushindwa walikwisha kumpoteza, kwa makofi na kwa chai. Akijibu sasa, nani atajua ni maadui wanaomjibia au ni wao waliomfundisha?

Fundi akasimama nyuma ya Shemeji, mkono wa kulia kwenye kitufe cha kisogoni, wa kushoto kwenye mpini wa mlango.

"Kitendawili," akasema.

"Tega."

Alitafuta kigumu kuliko vyote, kisichokuwapo, akakitunga kwa kilichokuwa moyoni. "Ninao wawili mapacha. Mmoja akifanya kazi yake, wa pili hana kazi tena."

*Shindwa*, akamwomba kimoyomoyo. *Nakuomba, shindwa.*

Taa ndogo machoni pa Shemeji ikatetemeka. "Ni mikono yako, shemeji. Mmoja uko kisogoni kwangu, wa pili mlangoni."

Fundi akafumba macho.

"Amesemaje?" akauliza Kapteni.

"Ameshindwa," fundi akasema. "Ametoa mji."

"Sikushindwa, shemeji," Shemeji akasema kwa sauti ya chini.

"Nyamaza. Shika mfuko, uende."

Shemeji akapita kwenye chumba kidogo cha milango miwili cha kuzuia hewa isitoroke, kama kilichokuwapo pia wodini, wa ndani ukafungwa, wa nje ukafunguka, akaingia gizani. Wakangoja. Fundi alibandika uso kwenye kidirisha, akatia ukungu, akafuta, akatia tena. Shemeji alirudi na majeruhi wa kwanza, hai, na Bonge akamtoa mfukoni akilia kama mtoto. "Mdogo wako yuko sawa, shemeji," Shemeji akasema. "Amekataa kutangulia."

"Angekubali nisingemjua. Rudi."

Safari ya pili alichelewa. Aliweka majeruhi chini kwa upole uleule, lakini uso wake ulielekea ujiani.

"Shemeji, unanisikia?"

"Nasikia. Nasikia sauti mbili."

"Fuata yangu."

Akageuka, akaingia tena gizani. Bonge akamshika fundi bega. "Dada, mzime akirudi. Nakusihi. Tazama watu nyuma yako."

"Amebaki mmoja."

"Ni kwa kuwa ni ndugu yako!"

"Ndiyo. Ni kwa kuwa ni ndugu yangu."

Safari ya tatu fundi alimwona kupitia kidirisha, anakuja na mfuko begani. Katikati ya ujia, palipopasuka, akasimama. Nje ya ule mpasuko taa za meli za maadui zilikuwa zikipita, nyingi, polepole. Akageuza uso akazitazama. Akakaa hivyo. Fundi akashika kipaza sauti, akamwita, akamsihi, akamtukana, akamwambia habari za pampu inayovuja, lolote lililokuja mdomoni, ilimradi sauti yake isikatike.

Miguu ya roboti ikaanza tena kwenda. Alifika, akaulaza mfuko ndani ya kile chumba kidogo. Lakini yeye mwenyewe hakuingia. Alisimama kizingitini, vidole vimeshika ukingo wa mlango wa nje.

"Ingia, Shemeji."

"Mlango huu," sauti ikasema kwenye kipaza sauti, kavu, haina mtu ndani yake, "unaelekea wapi?"

Ulikuwa mlango ambao Shemeji aliupaka grisi kwa mikono yake mwenyewe. Fundi akavuta mpini. Mlango wa nje ukateremka, na vidole vikaachia kabla havijakatwa. Fundi hakuona kama ni Shemeji aliyeviondoa au vilisukumwa.

Hewa ikajaa kile chumba kidogo, mfuko ukavutwa upande wao, na mlango wa ndani ukafungwa tena. Bonge akafungua mfuko, na mdogo mtu akatoka anakohoa, midomo ya kijivu, akamwangukia dada yake kifuani. Fundi akamkumbatia kwa mkono mmoja. Wa pili ulibaki kwenye mpini.

Ndipo mlango wa nje ulipogongwa.

"Si huyo aliyenibeba?" muuguzi akauliza akihema. "Dada, mfungulie."

"Usithubutu," akasema Bonge.

"Njia nzima alikuwa ananiambia nisiogope! Mfungulie!"

"Nani?" fundi akauliza kwenye kipaza sauti. "Wewe ni nani?"

Mlango uligongwa tena, kwa adabu, kama mgeni anayeogopa kuamsha watoto. Mikono ile ilikuwa na nguvu ya kuung'oa mlango wote, na ilikuwa inagonga. Fundi akaweka paji lake la uso kwenye chuma baridi, akasikiliza kule kugonga kukipita hadi kwenye meno yake. Vidole vyake vikaukaza mpini, vikaulegeza, vikaukaza.

Mdogo wake alikuwa akilia kwa sauti sasa, akimvuta kanzu ya kazi. Fundi hakufungua. Hata kugonga kulipokoma, na Kapteni alipoita, na Bonge alipojaribu kumbandua vidole kimoja kimoja, alibaki amesimama pale pale.