Mchoro wa Ajali

Fundi seremala alikuwa na penseli sikioni, rula mfukoni, na swali la tisa la fomu ya bima mbele yake: "Chora namna ajali ilivyotokea." Kuchora hakukuwa kazi. Mtu anayechora kabati la milango sita hashindwi na barabara mbili. Tatizo ni kwamba ajali yenyewe hakuiona. Jumanne ile pikapu yake ilipogonga gari lililoegeshwa, yeye alikuwa karakanani anagundisha mguu wa meza.

Aliyekuwa kwenye usukani ni huyu aliyembana ukutani kwenye benchi la ofisi ya bima: baba mkwe wake, dereva mstaafu wa mabasi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Breki. Miaka arobaini barabarani hakugonga hata kuku, na kama hulijui hilo basi hujakaa naye dakika tano. Leseni yake iliisha mwaka juzi. Akagoma kwenda kuihuisha, eti hapangi foleni na watoto waliozaliwa yeye ameshachoka kuendesha. Ndiyo maana siku ya ajali, fundi alipoitwa eneo la tukio, mzee alimnong'oneza, "Mwanangu, sema ulikuwa wewe. Nisitiri." Fundi akasema, polisi wakaandika. Utamkatalia vipi mtu aliyekupa mke? Lakini njia ya mwongo ni fupi, na ya fundi ilikuwa imefika kwenye dirisha hili.

"Ilikuwaje?" karani aliuliza kutoka nyuma ya kioo. Alikuwa dada mpole, na upole wake ulimtisha fundi kuliko polisi.

"Nilikuwa nakata kona hii," fundi alisema huku akichora, "ndiyo nikagonga gari jeupe."

"Kona gani!" Mzee Breki akafoka. "Kona nilishaimaliza... alishaimaliza! Dereva gani anagonga akiwa konani?"

Karani akainua kichwa. "Kumbe mzee naye alikuwemo?"

"Alikuwa abiria," fundi akadakia. Angeweza kuinuka akakimbia, ila ili atoke kwenye lile benchi ilibidi kwanza amruke mzee.

"Abiria wa namna hii ndio wanaoleta ajali," karani akatania.

"Lile gari lilitokea ghafla," Mzee Breki akasema. Tangu Jumanne alikuwa akiuimba wimbo huohuo. Mwenye gari jeupe alikuwa amewaambia polisi kwamba aliliegesha pale tangu alfajiri, na fundi alidhani mzee anajitetea tu kwa kiburi.

"Basi mzee ni shahidi," karani alisema. "Asome maelezo haya, yakiwa sawa atie sahihi." Akapitisha karatasi chini ya kioo, akainama kutafuta mhuri kwenye droo.

Mzee aliishika karatasi kwa mikono miwili. Midomo ikacheza, kichwa kikatikisika taratibu. "Kweli tupu," akasema. "Neno kwa neno."

Fundi akachungulia. Yalikuwa majina ya gereji na namba zao za simu. Karani alikuwa amekosea karatasi.

Mara moja akakumbuka chai iliyomwagwa kando ya kikombe, na mlango wa karakana ambao mzee aliupapasa wiki iliyopita kama mwizi, wakacheka. Akaelewa kwa nini leseni haikuhuishwa: kule walikuwa wanapima macho. Na kila Ijumaa ni mzee huyu aliyewafuata wajukuu shuleni kwa pikapu hiyohiyo, binti dirishani, mdogo wake katikati.

Karani akainuka na mhuri. "Fundi, sahihi yako hapa, tumalize. Gereji watalipokea gari kesho."

Hapo ndipo fundi alipojiona amenaswa pande zote. Akitia sahihi, pikapu inatengenezwa, na Ijumaa mzee anaomba funguo, naye hana sababu ya kumnyima. Asipotia, bima hailipi, makabati ya watu atayabeba kichwani, na polisi watataka kujua kwa nini aliwadanganya. Akashika kalamu, akaiweka, akaishika tena. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa kifo hakikuwa cha mzee peke yake.

"Dada, nipe fomu nyingine. Hii nimeikosea."

"Wapi?"

"Penye jina la dereva."

Karani akamtazama, kisha akamtazama mzee. Mzee Breki aliupeleka mdomo sikioni kwa mkwewe. "Unanivua nguo mbele za watu? Mimi?"

"Baba," fundi akamjibu kwa sauti ndogo, "karatasi uliyoisoma ni orodha ya gereji."

Nyuma yao mtu alikohoa. Fundi aliona aibu hadi akatamani ardhi ipasuke immeze, lakini hakuyarudisha maneno.

"Na Ijumaa," mzee aliuliza hatimaye, "watoto nani atawafuata?"

"Mimi, baba. Kwa miguu."

Fomu mpya ikapita chini ya kioo. Mzee Breki alinyoosha mkono kuifuata, akaipapasa meza mara mbili kabla ya kuigusa.

"Nionyeshe," akasema, "dereva anatia sahihi wapi."