Breki ya Mwalimu

Mwalimu alinunua baiskeli ya milimani alipokuwa anakaribia miaka hamsini, na akaitundika sebuleni. Si uani wala stoo: sebuleni, juu ya kochi, kwenye ndoano mbili alizozipigilia mwenyewe, moja juu na nyingine chini kidogo, kwa hiyo baiskeli ilikaa upande upande. Alisema anarudi kwenye mchezo wake wa ujana. Mkewe, fundi wa mapazia, alimjua tangu huo ujana wenyewe, na mchezo pekee aliomwona akiucheza ulikuwa karata, tena kwa wizi.

Huyu hakuwa mwalimu wa shule. Alifundisha udereva, kwenye gari lile lenye breki ya pili upande wa abiria, na miaka yote ya kukaa pembeni akikanyaga breki yake ilimharibu kabisa. Ugonjwa huo alikuja nao hadi nyumbani. Fundi akikata kitambaa, kazi aliyoifanya tangu hajaota mvi, mume atasimama nyuma yake: "Taratibu, taratibu, hapo kona." Na mguu wake wa kulia utakandamiza sakafu. Fundi alishaacha kumjibu, maana angemjibu kila mara mapazia ya watu yasingekwisha.

Kila Jumamosi baiskeli ilishushwa ikafutwa vumbi ambalo haikuwa nalo. Mwalimu alivaa kaptura ya kubana, glavu na helmeti, akakaa kochini kuwasubiri rafiki zake wawili, mfamasia na wakala wa bima. Wakishafika, somo linaanza.

"Breki ya kushoto ndiyo ya nyuma," alikuwa akiwaambia. "Ukiogopa, kamata ya kushoto kwa nguvu zako zote. Ukikamata ya mbele, unaruka juu ya usukani kama gunia."

Hayo aliambiwa dukani siku aliyoinunua. Wale wawili walitikisa vichwa kana kwamba wamesikia jambo kubwa, wakanywa chai ya fundi, wakaondoka. Barabarani baiskeli haikutoka hata siku moja.

Haikutoka naye, tuseme. Siku za kazi, gari la Mwalimu likishapinda kona, fundi aliishusha baiskeli, akaipitisha mlango wa nyuma na kuelekea kilima cha machimbo ya kokoto. Alipokuwa msichana aliteremka kilima kile kwa baiskeli ya kaka yake, chuma kizito chenye breki moja tu inayoshika, ya nyuma, mkono wa kulia. Hakuna mvulana aliyempita. Aliacha alipoolewa, kwa sababu Mwalimu alisema mke wa mtu hapandi baiskeli, naye akasema sawa. Alimdharau Mwalimu kwa mambo mengi, lakini kwa ile "sawa" alijidharau mwenyewe.

Siku ya kwanza mkono wa kulia ulikamata breki kwa mazoea ya zamani, ikawa ni ya mbele, na nusura aruke juu ya usukani na kuvunja meno. Akarudi nyumbani, akatoa spana, akavihamisha vishikio vya breki: cha kulia kushoto, cha kushoto kulia. Mkono wake ulishajifunza zamani, hakuona sababu ya kuufundisha upya. Tangu siku ile kilima kikawa chake tena. Alifurahi mpaka akaona haya, mtu mzima na mvi zake akicheka peke yake kati ya mawe.

Baiskeli aliiosha kila mara kabla ya kuitundika. Lakini Jumamosi moja mfamasia aliinama, akaona tope limeganda chini ya pedeli.

"Mwalimu! Kumbe unateremka kweli!"

Mwalimu alilitazama lile tope. Hakuuliza limetoka wapi. Wala hakushangaa. "Kidogo tu," akasema. "Juzi, kule machimboni." Na akaanza kuzieleza kona.

Fundi alikuwa mlangoni na pini mdomoni, na heri zilikuwepo, maana bila hizo angesema neno. Alijua mumewe ni mwongo, ila hakujua kwamba anaweza kuokota tope la mtu mwingine na kulivaa hivyo, bila hata kupepesa macho.

"Basi twende tukuone," alisema wakala wa bima, na kabla Mwalimu hajapata pa kutokea, baiskeli ilikuwa nyuma ya gari la wakala.

Fundi alipiga hesabu haraka. Akinyamaza, mumewe ataikamata ile ya kushoto kwa nguvu zake zote, kama anavyohubiri, na kuvunja shingo. Akisema, siri imekwisha, na baiskeli itafungwa kwa kufuli. Ukweli ni kwamba aliifikiria baiskeli kwanza. Kisha akatema pini. "Nami nakuja," akasema.

Juu ya kilima, Mwalimu alipanda baiskeli na mguu mmoja ardhini. Alitazama chini, akalamba midomo.

"Baba watoto," fundi akasema, mbele ya wote. "Breki ya nyuma iko kulia sasa. Nimebadilisha mimi. Naipanda kila siku."

Mfamasia alitazama viatu vyake.

"Najua," Mwalimu akasema. "Si mimi niliyekwambia ubadilishe?"

Fundi alimtazama mtu aliyezaa naye. "Sawa," akasema. "Tangulia."

Mwalimu hakwenda. Aliukunja mguu, akaukunjua. "Goti," akasema, "leo linanivuta." Kisha, polepole, huku akimkwepa macho, akamsogezea usukani. "Teremka wewe, mama watoto. Lakini taratibu."

Fundi alimvua helmeti kichwani, akaivaa na kuteremka. Kona ya kwanza kushoto, jiwe, kona ya pili, na mkono wa kulia ukishika pale unapotakiwa kushika. Hakuna aliyempita.

Alipokuwa akiisukuma kurudi juu, aliisikia sauti ya mumewe kabla hajamwona.

"Mliona kona ya pili alivyoinama? Mwili huo nimeutengeneza mimi. Miaka yote hii namfundisha yule."

"Kazi umefanya," wakala wa bima akasema, na mfamasia akakubali kwa kichwa.

Fundi hakupinga. Alikaa tena kwenye siti, akageuza usukani kuelekea chini.

"Safari hii legeza mabega," Mwalimu akamwambia.

Akaachia. Kabla hajaupita ukingo, kwa pembe ya jicho, aliuona mguu wa mumewe, ule wa kulia, wenye goti bovu, ukikandamiza kokoto kwa nguvu. Haukushika kitu.